Vijana wa Mara, Jifunzeni Kujibu Hoja

Sisi watu wa Mara hatujapungukiwa sauti. Mkurya akikataa jambo, hata jirani wa ng'ambo ya kilima atapata habari. Tulichopungukiwa, hasa vijana wetu wa Tarime na Serengeti, ni ufundi wa kujenga hoja yenye mashiko na kuijibu ya mwenzio.

Tazameni midahalo ya shuleni. Madawati hupangwa pande mbili, mwenyekiti hugonga meza, mtunza muda hushika saa. Mada ni zile zile walizojadili baba zao: elimu ni bora kuliko fedha, mjini ni bora kuliko kijijini. Msemaji mkuu husoma karatasi ya Kiingereza aliyoikariri, hupigiwa makofi, na wa upande wa pili naye husoma yake. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Huko ni kushindana kukariri, tusikuite mdahalo.

Chukueni jambo la nyumbani. Katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, tembo huingia shambani usiku na kumaliza mahindi. Kwa kanuni za mwaka 2011, serikali hailipi fidia. Hutoa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Basi mada iwe: serikali ilipe fidia kamili. Anayeunga mkono atasema tembo ni mali ya taifa na watalii wanaliingizia taifa fedha, iweje hasara aibebe mkulima peke yake? Mpinzani asiyefundishwa atapaza sauti kwamba wanyamapori ni urithi wetu, jambo ambalo hakuna aliyelikana. Aliyefundishwa atakubali kwanza kwamba mkulima ameumia. Kisha atauliza nani atapima hasara hiyo, fedha zitoke fungu gani, na je, fidia kamili haitawavuta watu kulima hadi mpakani kabisa mwa hifadhi? Hapo mdahalo umeanza, maana sasa mwenzake hana budi kujibu maswali hayo hayo badala ya kurudia ya mwanzo.

Wiki inayofuata wabadilishane. Mtoto wa mkulima aitetee hifadhi, na mtoto wa askari wa wanyamapori amtetee mkulima. Ni zoezi chungu, lakini sijui lingine lenye faida kuliko hilo.

Wako watakaosema mila haijadiliwi na watoto. Lakini ritongo la wazee wetu ni nini kama si baraza la kusikiliza pande zote kabla ya kuamua? Chukueni ukeketaji. Sheria yetu ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, wamekataza kwa mwanamke wa umri wowote. Je, nasi tuifuate njia hiyo, au nguvu zaidi ziwekwe kwenye elimu kwa wazee wa mila na mangariba? Sitaki mtoto yeyote alazimishwe kukitetea kisu chenyewe. Washindanie njia ya kukikomesha. Msichana wa Tarime, ambaye msimu wa ukeketaji wa Desemba unamhusu kuliko mtu mwingine yeyote, asikilizwe hapo akiwa na ushahidi mkononi.

Na waanze kwa Kiswahili. Bunge letu linakitumia, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama. Kiingereza kitafuata, tena kitakuta kichwa kilichozoea kupanga mawazo. Mfano wa hoja iliyopangwa tunao: Machi 1955 mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York. Hakudai uhuru wa kesho yake. Aliomba itamkwe wazi kwamba mustakabali wa Tanganyika ni wa Waafrika, hoja ya kiasi ambayo wapinzani wake walipata taabu kuibomoa.

Wakuu wa shule, tangazeni mada mapema ili wanafunzi wakatafute ushahidi kwa maofisa na wazee wao. Wasemaji waje na dondoo, si hotuba. Kila anayesimama amjibu kwanza aliyemtangulia, na waamuzi watoe alama kwa majibu hayo, wasizitoe kwa ukali wa sauti. Nanyi wazazi, binti akibaki shuleni kwa ajili ya mdahalo, msimwite nyumbani kuchota maji. Mtumeni kaka yake.