Beni: kipimo kimoja cha waya kwenye kinga kinatosha kundi zima

Kutoka Beni hadi Oicha ni kilomita 30 hivi. Kwa mwenye mzigo wa ndizi au makala, kila safari ni «karibu tu». Kwa kijana anayeusukuma mzigo huo kwa kinga, ni mbali. Kila mmoja anakadiria kwa kichwa chake, na mara nyingi anayepunjwa ni yule aliyeanza kazi juzi. Wengi wao ni wakimbizi wa ndani walioacha mashamba yao kwa sababu ya mashambulizi, na bado hawazijui barabara za hapa.

Ndiyo maana kompyuta ndogo ya kinga, ile ya kuonyesha mwendo na kilomita, si mchezo wa wanamichezo tu. Ila mwendeshaji mpya asikimbilie ile yenye skrini kubwa na ramani. Kipimo cha aina ya Garmin au Wahoo kinaweza kugharimu mamia ya dola, yaani kuliko kinga yenyewe, na kinahitaji kuchajiwa. Katika familia inayolipa hata kuchaji simu, hiyo ni gharama ya kila wiki.

Kinachofaa ni kipimo cha waya, ambacho kwa kawaida hakipiti dola 20. Sumaku ndogo inafungwa kwenye sipoku ya gurudumu la mbele. Kifaa kingine kinafungwa kwenye uma, karibu na sumaku, na kinahesabu kila mzunguko. Hata mtu akishuka na kusukuma kinga mlimani, kilomita zinaendelea kuhesabiwa. Betri yake ni ile ya duara, mara nyingi CR2032, na inaweza kudumu karibu mwaka. Kuna vingine visivyo na waya, lakini mara nyingi hivyo vinahitaji betri mbili, na vile vya bei ya chini vinaweza kusoma vibaya. Ubaya wa waya ni kwamba mzigo unaweza kuukata. Basi ufungwe vizuri kwenye uma, mbali na kamba za mzigo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi azungushe gurudumu dukani na kuona kama namba zinapanda. Aulize betri inapatikana wapi. Aangalie kama kifuniko kinazuia mvua.

Kisha kuna kazi moja ambayo wengi wanairuka: kukiambia kipimo ukubwa wa gurudumu. Chora alama ya chokaa kwenye mpira na chini, panda kinga, tembea mzunguko mmoja kamili, kisha pima kwa mita. Gurudumu la 26 hutoa kati ya milimita 2000 na 2100, na lile la 28 hutoa karibu 2200. Ukiweka namba ya 28 kwenye gurudumu la 26, kilomita 30 zitasomeka karibu 32. Kipimo cha namna hiyo kitaleta ugomvi na wateja badala ya kuumaliza.

Wengine watasema simu inatosha. Ni kweli, simu inaweza kupima njia hata bila intaneti. Lakini inamaliza moto haraka, inaibiwa, na inahifadhi kila mahali mtu alipopita. Mwaka 2018 ilionekana wazi kwamba ramani ya programu ya Strava, iliyokusanya njia za watu wanaokimbia na kuendesha baiskeli, ilionyesha hata kambi za wanajeshi katika nchi mbalimbali. Katika eneo lenye vita, simu yenye ramani ya njia zote inaweza kumletea mwenyewe maswali mengi kwenye barieri. Kipimo cha waya hakijui mtu alikuwa wapi. Kinajua tu gurudumu limezunguka mara ngapi.

Lakini hata dola 20 ni nyingi kwa mtu anayetafuta chakula cha jioni, na breki nzuri, mipira mizima na taa vinakuja kwanza. Kwa hiyo si lazima kila mwendeshaji anunue chake. Waendeshaji kumi wakichangia, wanaweza kununua kimoja na kupima njia wanazozitumia kila siku: kutoka kambini hadi sokoni, hadi kwenye maji, hadi kituo cha afya, hadi Mbau au Oicha pale usalama unaporuhusu. Kila njia ipimwe mara mbili, mbele ya mteja mmoja au wawili na mjumbe wa kamati ya wahamaji. Orodha iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mahali watu wote wanaiona.

Bei bado itazungumzwa, kwa sababu matope, mlima na uzito wa mzigo haviandikwi na kipimo. Lakini mazungumzo yataanza na namba ambayo pande zote mbili zimeiona, na kijana aliyefika juzi hatalazimika kukubali neno la mteja peke yake.