MAONI: Jeraha la shingo lisiandikwe nusu



Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, na siku nyingine nakaa kituoni kutafsiri kati ya mgonjwa na daktari, kwa sababu wengi wetu tuliotoka Ituri hatujui Kiingereza. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo watu wanaliona ni la karani tu, yaani namna jeraha linavyoandikwa.

Siku moja aliletwa mama mwenye jeraha la panga shingoni. Mume wake alisimama karibu naye. Daktari akauliza limetokeaje. Mama akajibu, "Nilianguka na panga nikitoka shambani." Majirani walijua si hivyo, hata mimi nilijua. Nikatafsiri kama alivyosema, na daktari akaandika: ajali, jeraha la shingo. Akashonwa, akarudi nyumbani.

Baada ya wiki chache mama akawa anaumia akimeza chakula. Akapelekwa hospitali kubwa. Kule wakauliza: jeraha lilikuwa na kina gani? Upande gani? Alichomwa sindano ya pepopunda? Karatasi haikusema lolote, wakaanza upya. Na baadaye alipopata moyo wa kushitaki, kitabu cha kituo kilisema ajali.

Kutafsiri maneno yake halikuwa kosa. Kosa langu ni kwamba sikumwomba daktari amtoe mume nje kwanza. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Ndugu zangu, shingo ni mahali padogo penye mambo mengi: njia ya hewa, njia ya chakula, tezi, mishipa mikubwa ya damu na uti wa mgongo. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka namba za kutofautisha majeraha. Katika orodha yake ya toleo la 10, jeraha la wazi la shingo ni S11. Likifika kwenye zoloto au bomba la hewa ni S11.0. Likigusa tezi ya thairoidi ni S11.1. Likifika kwenye koromeo au umio ni S11.2. Ikiandikwa "shingo" tu bila maelezo, linakuwa S11.9, maana yake sehemu haikutajwa. Toleo la 11 lilianza kutumika mwaka 2022, na lenyewe pia linataka maelezo.

Kisha kuna namba ya pili, ya chanzo. Kukatwa na kisu au panga kwa ajali ni W26. Kushambuliwa na mtu kwa kitu chenye makali ni X99. Jeraha linaweza kuwa lile lile na mshono ule ule, lakini neno moja la mgonjwa au la mtafsiri linabadilisha habari yote. Kama mashambulizi yote yanaandikwa ajali, wanaopanga huduma za kambi wataona ajali za shambani, na hawataona kwamba kuna nyumba ambazo akina mama wanakatwa.

Hata wenye makovu ya zamani wasiseme yamepita. Wengi tulivuka Ziwa Albert mwaka 2018 tukikimbia mapanga ya Djugu. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti Januari 2020 kwamba watu wasiopungua 701 waliuawa katika vurugu za Ituri kuanzia Desemba 2017. Hesabu ya namna hiyo inaanzia kwa mtu aliyesema na mtu aliyeandika. Kovu la jeraha la shingo nalo lina namba yake, T91.0. Ukienda kutibiwa, sema lilipatikana mwaka gani na kwa nini.

Najua wengine watasema, "Nikisema ukweli, kesho kambi nzima itajua." Hofu hiyo ni ya haki. Mimi naona hivi: una haki ya kuomba kuongea na daktari peke yako, hata mimi mtafsiri unaweza kunikataa ukaomba mwingine. Kuandikwa katika kitabu cha kituo si sawa na kwenda polisi. Na kama daftari lako la matibabu linasomwa na mtu unayemwogopa nyumbani, omba habari za chanzo ziandikwe katika kitabu kinachobaki kituoni, zisiandikwe katika daftari unalorudi nalo.

Kwanza damu izuiwe: bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, usifunge kamba kuzunguka shingo, kimbiza mgonjwa kituoni. Akishatulia, hakikisheni yameandikwa haya:

- upande gani na urefu wa jeraha
- kama hewa au mate yanatoka kwenye jeraha, sauti imebadilika, au kumeza ni kugumu
- alikatwa na nini, lini, na kwa ajali au na mtu
- ameshonwa, na amepata sindano ya pepopunda au hapana

Kwa wanaotutibu nasema kwa heshima: foleni ni ndefu, tunaiona. Lakini mistari miwili mkiiandika leo itamsaidia daktari atakayempokea mgonjwa kesho. Na sisi wa kujitolea, kabla ya kutafsiri neno la kwanza, tuangalie nani amesimama karibu na mgonjwa.



Mhudumu wa afya wa kujitolea, Kyangwali