Kadi ya Mgonjwa kwa Daktari wa Meno

Mji wa Keroka umekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Mtu wa huko aumwapo jino aweza kupanda matatu aende Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au ageukie hospitali ya Nyamira, au aingie kwa daktari mwenye chumba chake karibu na soko. Tangu mwaka 2013 kila kaunti husimamia afya ya watu wake, na yaliyoandikwa upande mmoja aghalabu hayajulikani upande wa pili. Hapo ndipo kadi ya mgonjwa inapokuwa jambo kubwa.

Kwanza ni jina. Katika nchi ya Gusii majina ni machache na wenye majina ni wengi. Akiitwa Moraa au Kerubo mahali pa kungojea, huenda wakainuka wanawake watatu. Mmoja mwili wake haupatani na penisilini, na mwingine humeza vidonge vya kuzuia damu isigande. Wawili hao wakibadilishiwa kadi, wa kwanza aweza kupewa dawa itakayomziba pumzi, na wa pili kung'olewa jino pasipo matayarisho, akatokwa na damu usiku kucha. Basi yampasa karani aandike majina yote pamoja na la baba, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, na namba ya kitambulisho, kisha amwache mgonjwa ayataje mwenyewe. Kuuliza, “Wewe ndiwe Kerubo?” hakufai, mwenye maumivu huitikia lolote.

Jino lenyewe nalo lina jina lake. Kuandika “jino bovu la upande wa kulia” ni hatari, maana daktari na mgonjwa hutazamana, na kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Madaktari wa nchi nyingi hutumia tarakimu mbili. Kinywa hugawanywa kwa kufuata mkono wa mgonjwa: juu kulia ni 1, juu kushoto 2, chini kushoto 3, chini kulia 4. Kisha meno huhesabiwa kutoka katikati kwenda nyuma, 1 hadi 8. Kwa hiyo 46 ni jino la sita chini kulia, gego la kwanza la ukubwani, ambalo huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi. Wazazi wengi hulidhani la utotoni, kwa kuwa huota nyuma ya mengine pasipo kung'oka jino lolote, nao husema litolewe tu, litaota jingine. Halitaota. Na daktari akiandika 36 mahali pa 46, mtoto aweza kurudi nyumbani amepoteza gego zima, na maumivu yangalipo.

Madaktari hulalamika ya kuwa foleni ni ndefu. Ni kweli, lakini tarehe, ugonjwa uliokutwa, ganzi iliyotumika na kiasi chake, kazi iliyofanywa, ridhaa ya mgonjwa au kukataa kwake, na sahihi, havihitaji muda mrefu. Aliyekosea na apige mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, aandike lililo sahihi na kutia sahihi na tarehe. Ile rangi nyeupe ya kufutia, wanayoipenda sana makarani, haina nafasi hapa: neno lililofichwa huleta shaka kuliko kosa lenyewe. Wanaotumia kompyuta nao yawapasa kuweka nakala, kwani mashine huharibika.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Kadi haiachwi mezani ikasomwa na kila apitaye, wala ugonjwa hautajwi kwa sauti mbele ya majirani. Mwenye habari hizo ana haki ya kuziona na kutaka makosa yasahihishwe. Mtu wa Keroka anayehamia Nairobi kikazi aweza basi kumwomba daktari wake nakala ya kadi na ya picha za eksirei kabla ya kuondoka.