Bangi: Kinshasa ichague sheria moja

Serikali inayomtia kijana wa Bunia kasho kwa misokoto michache, kisha ikampa mgeni idhini ya kulima mmea uleule ili auze ng'ambo, inaendesha sheria mbili juu ya zao moja. Hali hiyo imedumu mno. Bunge liifute marufuku, na badala yake liweke sheria inayomwona mkulima, mnunuzi na hazina ya taifa.

Mwaka 2020 Wizara ya Afya, chini ya Waziri Eteni Longondo, iliiruhusu kampuni ya Kanada, Instadose Pharma, kulima bangi ya tiba na kuisafirisha nje. Idhini ilitoka wizarani. Marufuku yenyewe, iliyorithiwa kutoka kwa Wabelgiji, haikuguswa. Mwishoni mwa mwaka 2021 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilisimamisha kwa muda uuzaji wa hisa za Instadose, ikitilia shaka usahihi wa taarifa zilizokuwa sokoni. Wizara iliyotia sahihi bado inadaiwa maelezo. Ilichunguza nini kabla ya kutoa idhini? Ni ekari ngapi zilizolimwa, na hazina ilipata nini? Maswali haya hayahitaji tume. Yanahitaji waziri asimame mbele ya wabunge na kujibu.

Wakati wakubwa wakipeana vibali, huku Ituri sheria inawafikia wadogo tu. Anayekamatwa na bangi hulipa amande, mara nyingi bila risiti, au hulala kasho hadi ndugu wapate fedha. Asiye na ndugu hupelekwa gereza kuu la Bunia, lililojengwa kwa wafungwa wapatao mia mbili na ambalo limekuwa likishikilia zaidi ya elfu moja, wengi wao wakiwa hawajahukumiwa. Si bangi iliyolijaza gereza hilo. Wengi humo wanakabiliwa na mashtaka mazito zaidi. Lakini jimbo ambalo Mei 2021 liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya mauaji ya raia haliwezi kutetea hata kitanda kimoja, hata saa moja ya hakimu, inayotumika kwa msokoto.

Madhara makubwa zaidi yako barabarani. Zao lililopigwa marufuku halikosi kodi. Hukosa tu mtoza kodi halali. Anayeshika barieri ndiye anayetoza, awe amevaa sare ya taifa au la. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekwisha kuitaja bangi miongoni mwa vyanzo vya mapato vya makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo. Mkulima anayeuza usiku hana bei, hana mkataba, hana mahali pa kushtaki akidhulumiwa. Marufuku inamkabidhi kwa mwenye bunduki.

Wapinzani wa uhalalishaji wanasema vijana wataharibika, na kwamba wapiganaji huvuta kabla ya kushambulia vijiji. Hofu hiyo ina msingi. Bangi inadhuru ubongo unaokua, na wapo ambao inawaamshia maradhi ya akili. Hata hivyo, yote hayo yanatokea sasa, marufuku ikiwa imesimama. Kaikpo, pombe kali inayowamaliza vijana wa Ituri mchana kweupe, inauzwa bila kificho, na hakuna afisa anayedai kwamba dawa yake ni kumfunga kila mnywaji. Anayejali afya ya kijana ataomba kikomo cha umri, adhabu kwa anayemuuzia mtoto, na fedha za tiba ya akili katika jimbo ambalo huduma hiyo ni haba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kusimamiwa katika soko lisilokubaliwa kuwa lipo.

Majirani hawakusubiri. Rwanda iliidhinisha mwaka 2020 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje. Uganda, ng'ambo ya Mahagi na Aru, ina sheria ya mwaka 2023 inayoadhibu vikali matumizi ya kawaida lakini inatoa leseni kwa kilimo cha tiba. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi: mahakama yake ya katiba iliruhusu mwaka 2018 mtu mzima kuvuta faraghani.

Kongo isinakili mfano wa leseni za matajiri pekee, kwa kuwa huo ndio uliozaa kibali cha mwaka 2020. Sheria itoe leseni kwa vyama vya ushirika vya wakulima kwa ada wanayoimudu. Ipige marufuku uuzaji kwa walio chini ya miaka 18, na matumizi kwa askari aliye kazini na dereva aliye barabarani. Iweke wazi orodha ya wenye leseni. Na itenge sehemu ya kodi kwa hospitali za jimbo inakolimwa. Kabla haijapitishwa, parke ya Bunia, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, iache kuwashikilia watu kwa kiasi cha matumizi binafsi, na kila amande ilipwe kwa risiti ya hazina.

Katiba inampa kila mbunge haki ya kuleta pendekezo la sheria bila kuisubiri serikali. Wabunge wa Ituri waliochaguliwa Desemba 2023 wanalijua hilo. Kikao kijacho cha kawaida kikifungwa bila pendekezo kusajiliwa, wapiga kura wa Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa watakuwa na majina ya kuuliza.