Kotmiri Kivulini mwa Migomba

Kwa sisi tunaokaa Manyovu, katika milima hii inayopakana na Burundi, ningependa kuongeza neno juu ya kotmiri, ambayo wengine huiita giligilani na jirani zetu wa Kenya dania: kwamba ile hali ya mmea kukimbilia maua kabla ya kutupatia majani ya kutosha, jambo linalowavunja moyo wengi ifikapo Agosti na Septemba, kiangazi kikiwa kimekaza na mvua bado, si maradhi wala si laana ya udongo, bali ni tabia yake ya asili joto na kiu vinapouzidi.

Mimi, baada ya kupoteza matuta mawili, niliacha kabisa kuhamisha miche, maana mzizi wake mkuu hauvumilii usumbufu. Nikawa nazipasua punje taratibu kwa chupa, kwa kuwa kila punje ni tunda lenye mbegu mbili, nikazilowesha usiku kucha, kisha nikazipanda papo hapo zitakapokulia, kivulini mwa migomba, panapopata jua la asubuhi tu. Maji nayatia alfajiri, na majani makavu ya migomba nayatandaza kuhifadhi unyevu. Aghalabu huota baina ya siku 7 na 14, na kila wiki 2 napanda mstari mwingine.

Na maua yakija, tafadhalini msiung'oe mmea kwa hasira: nyuki huyapenda mno, na punje zikishakauka ndizo kiungo cha mchuzi na mbegu ya msimu ujao.