Cheti si Mwisho wa Kusoma

Ndugu wanachama, safari hii twapenda kusema juu ya wenzetu wa idara ya mifugo, yaani mabwana mifugo na wasaidizi wao wanaozunguka vijijini na masanduku ya dawa, kutoka hapa Kambarage mpaka upande wa machimbo ya dhahabu ya Geita. Makarani wasidhani kwamba shauri hili haliwahusu. Mwenzetu mmoja akikosa maarifa, jina linaloharibika ni la watumishi wote. Tena nyama anayoipiga mhuri ndiyo tuilayo sote nyumbani.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu aliyetoka chuo cha mifugo mwaka 2000 alifundishwa kuiogopa sotoka ya ng'ombe, na ilikuwa haki, kwa maana ndiyo iliyofagia mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2008, sotoka ya mbuzi na kondoo ilikuwa imethibitishwa kaskazini mwa nchi yetu. Basi cheti cha mtu yule kingali ukutani, hakikubadilika hata herufi moja, bali maradhi yamebadilika. Akiletewa mbuzi mwenye makamasi, kikohozi, kuhara na vidonda vya mdomo, naye hakupata mafunzo mapya, atadhani ni homa ya mapafu, atampiga sindano ya oksitetrasaiklini. Dawa hiyo haiui virusi. Mwenye mbuzi atalipa fedha yake, atamrudisha mnyama zizini, na zizi zima litaugua. Angalijua, angalimtenga mnyama na kupeleka habari upesi kwa daktari wa wilaya, ili wengine wachanjwe mapema.

Tena ziko kazi zinazotaka ustadi wa peke yake. Chanjo ya ndigana kali ina vijidudu vilivyo hai. Hutunzwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi kali, na ng'ombe huchomwa papo hapo na dawa ya kuvizuia, kwa kadiri ya uzito wake. Anayekosea kipimo aweza kumwua ndama aliyetaka kumkinga. Uhimilishaji nao wataka mkono uliozoezwa, na ukaguzi wa nyama wataka jicho la kutambua kifua kikuu na tegu, pamoja na moyo wa kumwambia mwuza nyama "hapana" katika machimbo yenye watu wengi na haraka nyingi.

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza na kutenga daraja: daktari husajiliwa, msaidizi wake huandikishwa, na aliye chini yake huorodheshwa. Hilo ni jema, lakini daraja hizo zafuata elimu ya chuoni. Ustadi ulioongezwa baadaye wastahili nao kupimwa kwa mtihani na kupewa cheti chake. Huko Marekani chama cha wasaidizi wa madaktari wa wanyama kiliunda kamati ya kutambua ubingwa wao mwaka 1994. Sisi tuliozungukwa na ng'ombe kila upande tusione kwamba jambo hili ni la wengine.

Hata hivyo, tusianze kwa kuilaumu Serikali. Wako miongoni mwetu waendao kwenye semina kwa ajili ya posho, wakatia sahihi, wakala, wakarudi na karatasi tu. Mtu wa namna hiyo awafungia mlango wenzake. Wenzetu waliokusanyika Tanga mwaka 1922 pamoja na Martin Kayamba walijua kwamba umoja wa watumishi ni wa kuinuana, wala si wa kulalamika tu.

Kwa upande wa waajiri, twaomba mambo matatu. Kwanza, mtumishi apewe ruhusa na nauli ya kwenda kusoma. Chuo cha Mabuki si mbali na Shinyanga wala Geita. Si haki kumdai mtu wa mshahara mdogo ajilipie kila kitu, kisha akirudi ahesabiwe sawa na asiyejifunza. Pili, ustadi wake uandikwe katika jalada lake na ufikiriwe siku ya kupandishwa cheo. Tatu, aliyefundishwa uhimilishaji asihamishiwe mahali pasipo na vyombo vya kazi hiyo, maana huko maarifa yake yatakauka.

Wengine watasema: watu ni wachache, nao wakienda kusoma, nani atatibu? Swali hilo ni la haki. Twajibu kwamba waende kwa zamu, mmoja mmoja, wakati wa kiangazi kupe wanapopungua. Siku chache bila bwana mifugo ni hasara, lakini miaka mingi pamoja na asiyejua ugonjwa ulio mbele yake ni hasara kubwa zaidi.

Wanachama wa idara hiyo walete kwa Katibu, kabla ya mkutano ujao, majina yao na mafunzo waliyopata tangu walipotoka chuoni. Aliye na daftari tupu asione haya kulileta. Hilo ndilo litakalotupa hoja ya kupeleka mbele.

Mhariri