MAMBO YA NYUMBANI: Kupanga Matofali ya Njia na Uani

Mvua za masika zifikapo nyanda za juu, udongo mwekundu hugeuka kuwa utelezi, na kila aingiaye nyumbani huuleta pamoja na miguu yake. Kiangazi kikija, uani huo huo huwa vumbi, na vumbi kavu ndilo makao ya funza. Basi mwenye nyumba atengenezaye njia hafanyi pambo tu. Huwalinda watoto wake na ukuta wa nyumba yake.

Wengi huchagua mpango kwa kutazama uzuri peke yake. Yafaa kwanza kuuliza: ni nini kitakachopita hapo?

Matofali yakipangwa kama ya ukutani, kila kiungo kikielekea katikati ya tofali la mstari wa pili, kazi huwa nyepesi na vipande vya kukatwa huwa vichache. Mistari mirefu na ikatize njia, isifuatane nayo, kwa maana gurudumu la wilbaro lifuatalo mstari husukuma matofali kando.

Mpango wa jamvi, yaani matofali mawili yaliyosimama kando ya mawili yaliyolala, hupendeza mahali pa kuketi wageni. Lakini viungo vyake vimenyooka, kwa hiyo haustahimili gari.

Mahali pa gari, ulio bora ni uti wa samaki, ambao Warumi wa kale waliuita kwa jina la suke. Kila tofali hulizuia jingine lisisogee. Hasara yake ni vipande vingi vya kukatwa ukingoni.

Mipango hii miwili ya mwisho hutaka tofali ambalo urefu wake ni mara mbili ya upana. Kabro ya sentimita 20 kwa 10 yafaa sana, nazo 50 huenea mita 1 ya mraba. Njia ya mita 12 yenye upana wa mita 1 itataka 600. Zikiongezwa 60 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, zitakuwa 660. Unene wa sentimita 6 watosha miguu na gari dogo. Lori lataka 8.

Lakini hakuna mpango udumuo juu ya ardhi laini. Udongo wa juu uondolewe, kokoto zishindiliwe, kisha mchanga utandazwe, na kingo zifungwe kwa saruji. Uso wa uani uteremke sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje, nao uwe sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu. Maji hufuata mkondo; asiyeyachimbia mkondo nje atayakuta chumbani.